Kamera Yangu Imenishtaki kwa Paja la Kuku

Leo nimeaibika, tena kwa ushahidi wa picha.

Mnajua nina kamera. Ile kubwa, karibu sawa na za wapiga picha wa kazi. Ina nafasi mbili za kadi: kila picha inaandikwa mara mbili, kadi moja ikifa nyingine inabaki. (Nimewaambia haya mara ngapi? Vumilieni.)

Leo ilikuwa kwanjula ya Sara, binti wa dada yangu, yaani siku ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, huku Kansanga. Mpiga picha alikuwa ameshapatikana. Mimi mjomba nikamwomba dada amwache.

"Mwezi huu sitoki Kampala," nikamwambia. "Nipe hii kazi."

Dada alinitazama sana. "Kule Arua nako ulisema hutoki, ukatoka. Sawa. Lakini ssenga akimpata bwana harusi, hiyo picha moja naitaka. Ukiikosa, usinisalimie."

Kwa wasiojua: bwana harusi anajificha katikati ya wageni wake, na ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, anamtafuta mpaka ampate na kumvisha ua. Mara moja tu.

Nikapiga asubuhi nzima. Sikuangalia kioo cha nyuma hata kidogo. Sisi tuliokulia kwenye filamu hatuchungulii. Zamani filamu ilikwenda studio, unasubiri wiki, ndipo unajua kwamba ulifumba macho. Utamu ulikuwa hapo. Mlio wa kamera nao niliuzima, kwa heshima ya wazee.

Ssenga akampata kijana safu ya tatu. Nikabonyeza. Nikaiacha kamera ining'inie tumboni, nikageuka. Nyuma yangu ilikuwa meza ya wazee, na juu yake luwombo: kuku ndani ya jani la ndizi, mvuke unatoka. Watu wote walikuwa wanamtazama ssenga. (Ninyi mngefanya nini?)

Baada ya chakula shemeji akachomeka kadi kwenye televisheni ya sebuleni. Wageni wakajipanga.

Picha ya kwanza, nyasi. Nyasi mara tisa. Kisha kiatu changu, mara tisa.

"Mjomba," Sara akasema, "ulikuja kupima kiwanja?"

Hapo nikakumbuka jana. Mtu anayesafiri peke yake hujipiga mwenyewe. Niliitega isubiri sekunde kumi, halafu ipige tisa, moja kila baada ya sekunde chache, nichague uso mzuri. Sikuirudisha. Leo kila nilipobonyeza nikaishusha, yenyewe ilisubiri, kisha ikapiga kilichokuwa mbele ya tumbo langu.

"Shemeji, zima," nikasema. Alikuwa ameshafika kwenye luwombo.

Jani limefungwa. Jani limefunguliwa. Vidole. Paja. Paja linapanda. Paja limetoka juu ya picha. Mfupa unashuka. Mfupa unaingia chini ya jani. Jani limefungwa vizuri, kama mwanzo.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akakohoa. "Kumbe. Mimi nililaumu wapishi."

"Huo mkono unaweza kuwa wa mtu yeyote," nikasema.

Ssenga hakuinua hata sauti. "Na kamera ilikuwa shingoni kwa nani, ssebo?"

Sebule nzima ikacheka, isipokuwa dada. "Picha yangu iko wapi?"

Haikuwepo. Ssenga akamtazama, akasimama, akamwambia bwana harusi aende akajifiche tena. Kijana akaingia nyuma ya pazia, viatu vyote viwili nje. Ssenga akamtafuta chini ya viti, ndani ya kabati, hata nyuma ya televisheni, ndipo akampata. Dada alipiga mwenyewe, kwa simu. Imetoka vizuri sana. Yeye mwenyewe anaonekana ndani ya kioo cha kabati, simu mkononi, analia kwa kucheka.

Nikaona dada amelainika, nikachomoa kadi kwenye televisheni na kuifuta yote mbele yao. Nikapumua.

"Futa tu," dada akasema. "Ile ya pili nimeshaitoa."

Ni mimi niliyemwonyesha asubuhi inapokaa.

Kuna mtu anajua basi la kwanza la Gulu linaondoka saa ngapi?