Sinia Kumi na Nane za Hitima ya Mama

Jumatatu, 6 Mei 1996. Kisauni.

Vifaranga wamekwisha. Nilitabiri tisa kati ya mayai kumi na mawili. Yakaanguliwa kumi (karibu kabisa!), kisha paka akawala wote asubuhi moja. Kitabu changu cha takwimu hakisemi lolote kuhusu paka. Dada Tumu kacheka mpaka kashika ukuta. Ni mara ya kwanza kucheka tangu tumzike mama, kwa hiyo nimemsamehe.

Arobaini ya mama ni Jumapili hii. Nyumba imepoa. Naingia chumbani mwake kutafuta kitu, nasahau ni kitu gani, natoka. Dada kasema hitima iko mikononi mwangu, kwa kuwa mama hakuzaa mwanamume mwengine. Kasema nisimwaibishe mama. Nimeapa, na niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 7 Mei.

Nimeamua. Hitima hii itapikwa kwa hesabu! Ile ya mwezi jana hapa mtaani pilau lilibaki mpaka mbuzi wakalichoka. Israfu tupu. Si uchoyo huu. Ni sayansi.

Nimeandika orodha: wanaume mia na ishirini. Sasa, watakuja wangapi? Daftari langu lina hitima tano nilizohudhuria mwaka huu. Ya kwanza watu walijaa hadi barabarani. Ya pili tulikuwa tisa pamoja na imamu. Ya tatu walijaa tena. Ya nne mikeka ilibaki mitupu. Ya tano katikati. Jumlisha, gawanya: kwa wastani, nusu ya walioalikwa huja. Safi sana.

Basi kila mwalikwa ni sarafu. Aje au asije, nusu kwa nusu. Ukizirusha sarafu mia na ishirini, hupati mia. Hupati ishirini. Zitajikusanya karibu na sitini, na jedwali la nyuma ya kitabu linasema hasa ni karibu kiasi gani. Uwezekano wa kuja watu zaidi ya sabini na wawili ni kama mara moja katika mia. Sinia moja hula watu wanne. Sinia kumi na nane!

Nililala mchana huu usingizi mzuri, wa kwanza tangu msiba.

Jumatano, 8 Mei.

Kwa Abdillahi, mpishi wa masufuria makubwa. Mtu mwenye kiburi. Nimemfungulia jedwali, hakulitazama. Kaniuliza swali moja tu: anayesomewa ni nani. Anajua vizuri ni nani! Nikamwambia kanuni inataka idadi ya waalikwa na uwezekano wa kila mmoja kuja. Marehemu hamo.

Kasema yeye kwa mtu wa kawaida hupika sufuria mbili, na kwa Bi Mwanamkasi hawezi kupika chini ya tatu. Akanikumbusha, kana kwamba mimi si mwanawe, kuwa mama alikuwa mkunga wa hapa kwa miaka arobaini. Najua! Utotoni nilikunywa uji wa majirani kwa sababu mama yuko kwenye nyumba za watu, anapokea watoto wa watu. Nikamwambia asante, nitatafuta mpishi mwengine. Akasema wallahi nitajuta.

Wivu. Hajui hata kugawanya.

Alhamisi, 9 Mei.

Dada Tumu naye. Nimemweleza polepole, kwa kokwa za ubuyu badala ya sarafu. Kasikiliza mpaka mwisho, halafu kasema watu si sarafu, Stambuli, watu huulizana. Nikamjibu kuwa kila mtu ana miguu yake na huamua peke yake mlangoni kwake. Akaniuliza lini nimemwona mtu wa Kisauni akiamua jambo peke yake. Nikamfungulia jedwali, nikaanza upya. Akaokota kokwa zake, akarudi jikoni.

Nimeshinda.

Jumapili, 12 Mei.

Sijui nianzie wapi.

Walikuja mia na tisa. Nilikuwa mlangoni na orodha yangu, natia alama. Kufika sabini nikaanza kutokwa na jasho. Kufika themanini nikaacha kutia alama, nikahesabu vichwa tu, nikaomba mvua. Mikeka ikajaa, baraza ikajaa, wakakaa mpaka uani kwa jirani. Kila aliyenipa mkono aliniambia neno lile lile. Mimi alinipokea yeye. Mimi na wanangu wote saba. Mimi nilizaliwa nimetanguliza miguu, mama yako hakukata tamaa. Mzee Shee, ambaye hajatoka kwake tangu mwaka jana, alibebwa na kiti chake.

Hitima ikasomwa, dua ikaombwa. Sinia kumi na nane za yule mpishi mwengine zikatoka, zikaisha. Watu thelathini na saba walikuwa wameshanawa mikono. Wamekaa, mikono imelowa, wameinyoosha mbele, hawajui waiweke wapi. Natamani wangenitukana.

Halafu Abdillahi akaingia na mkokoteni. Sufuria ya pilau! Alikuwa ameipika kwake tangu asubuhi, bila kuitwa, kwa kuwa na yeye ni mama aliyempokea. Ikatoa sinia tano. Kumi na saba wakaondoka na njaa, tena wakiniombea dua, na dua zao ziliniuma kuliko matusi.

Dada Tumu alikuwa jikoni na wanawake. Hakulia. Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Jumatatu, 13 Mei.

Nimemwaibisha mama. Naiandika ili niione. Nilimhesabu pamoja na maiti watano wengine, nikapata wastani wake.

Dada hanisemeshi. Chai kaiweka mezani bila kikombe.

Alhamisi, 16 Mei.

Ahueni kidogo. Nimefikiri. Kanuni haikukosea hata kidogo, nilichokosea ni ile nusu. Mia na tisa kati ya mia na ishirini ni tisa katika kila kumi. Hiyo ndiyo namba ya mama! Nitasoma hitima ya pili Jumapili hii, kwa orodha ile ile, nilipe aibu. Nimerudi kwenye jedwali. Sinia thelathini, na hapo hata wakija wote hakuna wa kunawa bure.

Nimekwenda kwa Abdillahi, nimemeza kiburi, nimempa kazi. Kauliza kama nimewauliza watu. Nikamwambia nimeshawahesabu. Akaenda kuosha masufuria.

Jumapili, 19 Mei.

Kumi na mmoja.

Odhiambo wa gereji na mafundi wake wanane, Jefwa mshonaji, na mgeni wake mmoja niliyekuwa nimemwandika kwa heshima. Hawa hawaswali msikitini kwetu. Ndiyo maana hawakusikia.

Maana wenzao waliulizana. Juzi, baada ya sala ya Ijumaa, nje pale penye viatu. Waliokula mara ya kwanza wakasema wasije tena, wawaachie wale waliokosa. Waliokosa wakasema wasije, wasionekane wamefuata chakula. Wote kwa adabu. Wote kwa kumheshimu mama! Odhiambo kala kwa bidii, kanipa pole mara tatu, akasema chakula kitamu sana.

Sinia ishirini na saba zikabaki. Dada Tumu akazifunika, akajitwika beseni, akaenda nyumba hadi nyumba tangu alasiri mpaka magharibi, anagonga, anaomba radhi kwa jina la mama. Nikataka kumsaidia kubeba. Akasema nimeshabeba vya kutosha.

Jumatatu, 20 Mei.

Dada kaondoka asubuhi kwenda kwake Mikindani. Kachukua kanga za mama na ule mkoba wake wa ukunga. Kasema arobaini imepita, na hitima ya mwaka wa mama ataisoma kwake, wala nisihangaike kwenda. Nyumba hii sasa namsikia hata mjusi akitembea.

Sikuweza kula. Nikachukua daftari kwa kujiliwaza tu.

Hitima ya kwanza, mia na tisa. Ya pili, kumi na mmoja. Jumla mia na ishirini. Gawanya kwa mbili.

Sitini.

Sitini kamili! Nimeirudia mara nne. Sikukosea popote. Nusu ilikuwa nusu kweli, na kama wangekuja kwa utaratibu, sinia kumi na nane zingetosha mara zote mbili na kubaki.

Nimemwandikia Dada Tumu barua ya kurasa sita pamoja na jedwali, aone kwamba kwa mwaka wa mama hana haja ya kumuuliza mtu yeyote. Nje ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa, HESABU ILIKUWA SAHIHI, asije akaitupa kabla ya kuifungua.