Daktari wa Chaji

Huyu bwana hakuwa mwizi, tuelewane. Mwizi huvunja mlango. Yeye alikaribishwa, akapewa kiti, na akiondoka na mali ya watu alisindikizwa kwa shukrani. Mtaani walimwita Daktari kwa sababu alitembea na mita ya kupimia umeme shingoni, na wagonjwa wake walikuwa pikipiki za zamani tu.

Asubuhi hiyo alikuwa anapita zake na pikipiki yake nyekundu, anayoipenda kuliko ndugu zake wa damu, alipoliona tangi la chuma likichungulia chini ya turubai, nje ya chumba cha fundi cherehani. Tangi la enzi hizo, halijapigwa rangi upya. Mate yakamjaa. Alimfahamu mtu anayekusanya pikipiki za namna hiyo, na kwa ile moja angeweza kununua nyekundu tatu.

"Hodi wenyewe! Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, karibu." Fundi, mama wa makamo ambaye ni shangazi wa mtaa mzima, hakuinua macho kwenye sare za shule alizokuwa anashona.

"Nimepita tu, nikaona mgonjwa kalala nje, roho ikaniuma. Ya nani ile?"

"Ya marehemu mume wangu. Kuwaka inawaka, ila mimi siiamini. Sare nazibeba kichwani mpaka shuleni, shingo hii siyo yangu tena."

"Pole sana. Ngoja niipime. Bure kabisa!"

Hapa lazima nimpe haki yake, maana kazi nzuri ni kazi nzuri hata ikiwa ya haramu. Pikipiki nzima, injini ikiwa imezimwa, betri yake husoma volti kumi na mbili na ushee. Ukiiwasha na kuvuta mafuta, namba hupanda mpaka kumi na nne, kwa kuwa injini inairudishia betri umeme. Isipopanda, chaji hakuna. Basi Daktari alikuwa anapiga magoti, anapitisha mkono chini ya siti kana kwamba anatafuta waya, na kuchomoa kimya kimya soketi inayopeleka umeme wa injini kwenye betri. Baada ya hapo hata pikipiki iliyotoka kiwandani jana ingeonekana maiti. Mwenyewe akishaiachia kwa bei ya chuma chakavu, Daktari alifika kona ya kwanza, akairudisha soketi na kwenda zake.

Mkono ukaingia, ukatoka. "Kinyozi!" akamwita jirani wa mlango wa pili. "Njoo uwe shahidi, watu wasije wakasema nimemdanganya mama wa watu."

Kinyozi akaja, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, maana umbea hausubiri mtu amalize kunyolewa. Pikipiki ikawaka kwa kiki moja. Daktari akavuta mafuta. Namba kwenye mita ikateremka taratibu, na wote wakaguna.

"Mmejionea? Koili za ndani, zile zinazozalisha umeme, zimeungua zote. Hii haichaji, na haitachaji mpaka kiama."

"Una uhakika, mwanangu?" Shangazi aliuliza. "Nisije nikakupa mzigo, kesho ukanilaumu."

"Nikulaumu? Naapa mbele ya kinyozi! Nimeipima kwa mkono wangu. Naichukua kwa huruma tu, nikatoe vipuri."

"Haya. Ila hela sitaki, zitanipita mkononi. Nataka cha kubebea sare. Niachie hiyo nyekundu yako."

Daktari alishtuka, akaigeukia nyekundu yake. Halafu akakumbuka zile tatu. "Shangazi, unaniua," akasema, na nusu ya machozi yake yalikuwa ya kweli. Wakabadilishana funguo na kadi, kinyozi akapiga makofi.

Kwenye kona ya kwanza akarudisha soketi, akaondoka anaimba. Hakufika mbali. Honi ikaanza kulia kama mbuzi mwenye mafua, taa ikafifia, na katikati ya barabara injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Madereva waliokuwa nyuma wakamwambia yote wanayoyajua kuhusu mama yake.

Akaisukuma pembeni, akavua mita na, kwa mara ya kwanza tangu aanze udaktari, akapima ili ajue. Nyaya zile za koili hazitakiwi hata moja igusane na mwili wa injini. Alipozijaribu, mita ikapiga kelele kwa zote tatu. Akafungua kifuniko, akakutana na harufu ya kuungua. Miaka yote hiyo alikuwa anachomoa kwanza, ndipo anapima; asingeweza kujua kama mgonjwa alikuwa mgonjwa kabla yeye hajafika.

Akaikokota juani mpaka kwa Shangazi, shati limemganda mgongoni. Shangazi alikuwa anafunga furushi la sare juu ya ile nyekundu.

"Shangazi! Pikipiki yako haichaji!"

Kinyozi akatoa kichwa dirishani. "Si ulituambia mwenyewe?"

"Nilisema, lakini..."

"Lakini nini?" aliuliza Shangazi.

Wateja wote wa kinyozi walikuwa wametoka nje kusikiliza. Daktari akafungua kile kinywa ambacho hakijawahi kumwangusha, akatafuta neno ambalo halina soketi ndani yake, akalikosa, akakifunga.

"Mafundi pikipiki wawili waliniambia koili zimeungua, nikadhani wananila tu," Shangazi alisema huku akipanda. "Nikaichajisha betri jana, angalau iwake mtu akija kuitazama. Wewe ndiye umenitoa wasiwasi. Mungu akuzidishie."

Akaiwasha nyekundu, ikanguruma vizuri mno.

"Na hiyo yako, mwanangu, usiiache hapo mlangoni. Inazibia wateja."