Marehemu Amepata Nafasi Kasrini

Jumatatu, 12 Septemba

Wifi Tomiyo kaja na picha. Msichana anaitwa Chikako, miaka thelathini na mitatu, kazi yake maktaba. Nywele hadi kiunoni. Uso wa upole. Nimeipenda hiyo picha kuliko picha ya harusi yangu mwenyewe.

Tatizo ni Nobuhiko. Mwanangu ana miaka thelathini na saba na keshakataa picha tatu. Ya mwisho hata bahasha hakufungua, akaiweka chini ya birika. Ati, Mama, mimi si sufuria, sitafutiwi kifuniko. Mchana kutwa yuko karakana anashona tatami, mikeka minene ya kutandika sakafuni. Mkeka haujibu. Nikifa mimi, nani atamwambia ale?

Basi Tomiyo akaninong'oneza. Chikako anapenda makasri ya kale kuliko kula. Tarehe 14 Oktoba, saa saba na nusu mchana, anakwenda na shangazi yake Kasri la Asagiri. Nikaelewa hapo hapo. Wakutane kwa bahati! Bahati nitaipanga mimi.

Lakini Asagiri huendi tu ukapiga hodi. Unatuma kadi ya posta ya pande mbili: upande mmoja unakwenda, wa pili unakurudia na jibu. Nafasi ni chache, kwa hiyo wanapiga kura. Mtu mmoja, kadi moja. Nimeandika ya kwangu, ya Nobuhiko, ya Tomiyo. Herufi zinanipinda, shule yenyewe niliishia darasa la nane. Kadi moja ikabaki. Nikaandika jina la mume wangu, Shigezo. Ni marehemu mwaka wa sita huu, lakini alikuwa na bahati na kura, aliwahi kushinda feni. Wanataka na umri. Nikaandika sitini na saba, maana angekuwa hai ndio umri wake. Au wafu hawaongezi? Sijui. Nilimwomba ruhusa mbele ya kabati lake la kumbukumbu, lenye picha yake. Hakukataa.

Alhamisi, 22 Septemba

Majibu! Mimi, la. Nobuhiko, la. Tomiyo kapata. Shigezo kapata!

Nimeiweka kadi kabatini kwake pamoja na kikombe cha pombe ya mchele. Nikalia kidogo. Kisha nikakasirika. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa hajanipeleka popote, leo anakwenda kasrini peke yake!

Tomiyo nikamwomba nafasi yake. Hataki. Ati kadi ina jina lake, na kanzu yake ya hariri haijatoka sandukuni tangu mazishi. Haya, nenda. Lakini nimemwapisha: humjui Nobuhiko, humjui Chikako, na mdomo usifunguke hata kupiga chafya. Nobuhiko akinusa harufu ya mpango tu, atakimbia.

Ijumaa, 23 Septemba

Siku ya kuzuru makaburi. Tumemwosha Shigezo jiwe lake, tumemwekea vitumbua vya maharage. Hapo hapo nikamwambia Nobuhiko kwamba baba yake kaitwa kasrini. Akanitazama kama mkeka uliolowa. Akauliza, nani kamwombea? Nikasema, kura ni kura. Akasema, Mama, Baba amekufa. Nikasema najua, nilikuwepo. Lakini watu hubeba picha ya marehemu wao hadi milimani, hadi kwenye chemchemi za maji ya moto, marehemu aone anachoona aliye hai. Wewe umbebe baba yako, umwonyeshe mikeka ya wafalme, yeye aliyeshona mikeka miaka arobaini.

Akalipangusa jiwe tena. Kisha akasema atakwenda hadi langoni, ataeleza ukweli, wakimkataa atarudi. Ukweli! Huyu mtoto sijui kautoa wapi.

Ijumaa, 14 Oktoba

Siku yenyewe. Andika taratibu, Yasue.

Nilimsindikiza hadi langoni. Mlinzi akasoma majina. Alipofika kwa Bwana Shigezo Kitagaki, miaka sitini na saba, Nobuhiko akajitokeza, akafungua kitambaa, akamwinua baba yake na fremu yake na utepe wake mweusi. Wageni wote wakainama. Mlinzi akainama. Wazee wawili wakatoa pole. Mlinzi akatazama kadi, akatazama picha, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akatazama kadi, akatazama picha, akainama naye. Wakanong'onezana. Uamuzi: ruhusa ni ya mtu mmoja, na mtu mmoja apite. Ila mizigo hairuhusiwi ndani, na fremu ni mzigo.

Basi Nobuhiko kaingia, Shigezo kabaki nje. Nikakaa naye kwenye benchi saa nzima, nikamlisha harufu ya yai langu la kuchemsha. Sijui nani kamtembeza nani.

Langoni majina mengine sikuyasikiliza, nilitafuta tu nywele za kiunoni miongoni mwa walioingia. Hakuna! Hakuja! Nikavunjika moyo.

Wakatoka. Na Nobuhiko anaongea! Mwanangu, anaongea, mikono inapaa hewani! Pembeni yake msichana wa nywele fupi kama mvulana, anacheka mpaka anashika goti. Nikaingiwa na hofu. Huyu nani? Wa nani? Chikako wangu yuko na homa mahali fulani, halafu kijana anachukuliwa na mpita njia! Tomiyo kwa nyuma ananipungia mikono yote miwili, macho yamemtoka. Nikaelewa: wahi, zuia.

Nikawahi. Nikainama mpaka chini, nikamwambia yule msichana aniwie radhi, mwanangu ana mchumba tayari. Akaacha kucheka. Akainama. Akaondoka na shangazi yake.

Na shangazi yake.

Nobuhiko alinitangulia hatua kumi njia nzima.

Jumamosi, 15 Oktoba

Tomiyo kaja asubuhi, midomo imebana. Nikamwambia kiapo kimekwisha, sema. Akafoka: wifi, picha ile ni ya miaka mitano iliyopita, nywele alishakata! Chikako alimkuta Nobuhiko amepiga magoti kasrini akikagua mshono wa mkeka, naye akapiga magoti kuangalia. Wakachelewesha kundi zima. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia kelele. Akasema, nani aliniapisha?

Nimepika wali wa uyoga. Nobuhiko hakugusa.

Jumanne, 18 Oktoba

Karakana imefungwa! Mchana kweupe! Nilidhani ameugua. Kumbe kavaa shati jeupe, kaenda maktaba kwa miguu yake kumweleza msichana kwamba hana mchumba, ila ana mama. Ndivyo alivyosema, ila ana mama. Chikako alicheka mpaka wakaambiwa wanyamaze.

Kijana aliyekataa picha tatu! Nisingemfukuza yule msichana, angemfuata? Asingemfuata. Kwa hiyo mpango umekwenda kama nilivyoupanga.

Ijumaa, 21 Oktoba

Jumapili wanakwenda Kasri la Nijo, wao wawili. Nobuhiko kanitamkia neno wawili mara tatu, taratibu, kama napewa dawa. Sawa, mwanangu. Nimesikia.

Nijo haina kadi wala kura, tikiti unakata mlangoni. Wanasema sakafu ya kasri lile hulia kama ndege ukiikanyaga, ili mtu anayenyemelea ajulikane.

Mimi ni mwepesi. Nitavaa soksi mbili mbili.