Programu Iliyouawa Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimezika kamera sita, chumba cha giza kimoja cha kusafishia filamu, na madaktari wawili walioniambia niache chumvi. Studio hii ya picha niliianzisha mimi. Kiti cha mbele ya kompyuta ni changu. Naandika ili ijulikane.

Leo nimepigwa na butwaa. Kitindamimba wangu, aliyesomea kompyuta, kaibana programu yetu ya kuchapa picha. Ati wiki jana nilifungua picha ya mteja iliyokuwa na uchafu ndani, na uchafu huo ukaifanya programu ianze kupekua picha za watu wengine. Nikasema mbona picha ilikuwa safi, bwana na tai yake. Akasema, baba, uchafu wenyewe hauvai tai.

Kanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Programu haijiwezi, kila jambo huiomba kompyuta. Nifungulie faili. Nisomee. Niandikie. Sasa kaipa orodha ya maombi tisa. Ikiomba la kumi, inauawa papo hapo. Haiulizwi hata inatoka wapi.

Kuuawa! Kwa kuomba tu!

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja kupigwa picha ndogo, nane. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, na kiti changu anakimezea mate miaka thelathini. Kaisifu orodha, ati enzi zake kila kitu kilikuwa na utaratibu. Enzi zake alikuwa anauza vifungo.

Mwanangu kanichoma zaidi. Nikiharibu tena, mjomba atakaa kitini na mimi nitakata picha kwa mkasi. Mkasi. Mimi. Sikuweza kumaliza chai.

Jumatano, 5 Machi

Mwanangu katoka. Nimeifungua orodha. Neno la siri ni jina la marehemu mama yake. Nimelipata jaribio la kwanza, kichwa ninacho.

Nimesoma kwa kidole. Kila ombi kalieleza pembeni kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, ingawa sihitaji. Manane sina neno. La tisa likaninyanyua kitini: kutoka. Programu imepewa ruhusa ya kutoka! Kwenye chumba cha giza, mwanafunzi akifungua mlango kabla sijasema, filamu zote zimekwisha. Miaka arobaini hakutoka mtu bila idhini yangu.

Nimelifuta. Mwenyewe alisema maombi yakiwa machache ndiyo usalama. Sasa ni manane. Kesho atanishukuru mbele ya Shemeji.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kafuata picha zake. Nikabonyeza. Zikatoka nane, safi kabisa. Zikatoka nane nyingine. Na nane nyingine. Shemeji akaniambia, shem, mimi niliomba nane. Nikamjibu ni zawadi. Uso ule ule, mdomo umebinuliwa vile vile, unanijia tu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mmoja.

Mwanangu akaingia, akazima umeme ukutani. Kumbe programu ilimaliza kazi, ikaomba kutoka kwa adabu, ikauawa mlangoni. Kompyuta kuona maiti ikadhani kazi haijafanyika, ikaianzisha upya. Mara ishirini na sita. Karatasi zote zimekwisha.

Akauliza nani kafuta. Nikasema labda ule uchafu. Akasema, baba, uchafu haujui jina la mama.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji yuko kitini. Mimi na mkasi. Kazi ya leo: kukata nyuso za Shemeji.

Saa saba katoka kwenda kula. Katoka bila idhini, sawasawa na programu. Nimekaa kitini kidogo, kupumzisha mgongo. Jina la mama limekataa. Langu limekataa. Nikajaribu lile mwanangu alilokuwa akiniita alipokuwa hajajua kutamka baba. Likafungua.

Ikabidi nifute miwani.

Halafu nimetafakari. Kosa halikuwa kufuta kutoka. Kosa ni kuliacha ombi la kuandika. Programu isiyoweza kuandika isingechapa hata uso mmoja. La kutoka mwanangu alikuwa kalirudisha; nimelifuta tena, na hili la kuandika pia. Yamebaki saba. Mwanangu akirudi ataona baba yake ni nani.

Anayebisha amuulize Shemeji. Kachukua zake nane. Waliobaki wako hapa mezani, mia mbili na nane, na wote wananitazama.