Gari la Mkunga Lilivyotetemeka

Gari lilikuwa kubwa, jeupe, na limeoshwa hata kingo za milango. Dokta aliliona likiingia kwenye maegesho ya duka la dawa saa tatu asubuhi, akaacha chai yake nusu kikombe. Alipoona anashuka bibi mmoja mfupi mwenye mkoba wa ngozi, peke yake, bila mtoto wa kiume wala mkwe wala dereva, alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Alikuwa mtu wa dini kwa kiasi chake.

Udaktari wake hakuusomea popote. Alikuwa fundi magari aliyefukuzwa gereji mbili, ya kwanza kwa uvivu, ya pili kwa jambo ambalo mpaka leo mwenye gereji akilikumbuka hukunja ngumi. Kisha akajinunulia kile kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo, akakivaa shingoni, na watu wakampa cheo wenyewe. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Kwenye rimu ya kila gurudumu hubanwa vipande vidogo vya madini ya risasi ili tairi lizunguke sawasawa. Ukivibandua, gari litatembea vizuri tu mjini, lakini likifika kilomita themanini kwa saa, usukani utaanza kutetemeka mikononi mwa dereva kama mtu mwenye homa. Hapo ndipo daktari hutokea.

Basi akainama kando ya gurudumu la mbele, bisibisi kwenye kiganja. Vipande viwili mfukoni. Akazunguka upande wa pili, vitatu. Bibi alipotoka na dawa zake, Dokta alikuwa keshaketi ndani ya kigari chake cha bluu, injini inanguruma kwa adabu, huisikii mpaka uitegee sikio. Kigari kile ndicho kitu pekee duniani alichokitendea haki. Alikibadilishia oili kabla ya wakati wake. Tena ndicho kilichomlisha, maana hakuna atakayemwamini daktari wa magari anayekwenda kwa miguu.

Alimfuata bibi mpaka barabara kuu. Haukupita muda, gari jeupe likaanza kupunguza mwendo, taa za breki zinawaka na kuzimika. Dokta akalipita, akapunga mkono kwa huzuni, wote wawili wakasimama pembeni.

"Shikamoo mama. Samahani, nimelisikia gari lako nikiwa nyuma, roho ikanikataza kupita. Usukani hautetemeki kweli?"

"Marahaba. Unatetemeka, mwanangu. Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu."

Bibi akamtazama shingoni. "Mimi nimekuwa mkunga miaka thelathini na minne. Hicho kidude, kwenye magari kinasikiliza nini?"

"Kilekile unachokijua, mama. Uhai."

Mkunga akatikisa kichwa kwa heshima, akampisha kwenye usukani. Walipofika themanini na tano, usukani ukacheza ngoma yake kama ulivyoagizwa.

"Na kiti changu kinatetemeka," alisema mkunga. "Hata hapa chini miguuni."

Fundi yeyote wa kweli angeshtuka. Usukani ukitetemeka, unatazama magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitetemeka, shida iko nyuma au chini ya gari. Dokta alilijua hilo tangu gereji ya kwanza. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja wa kikazi: hakuwa amempima mgonjwa miaka mingi, kwa kuwa magonjwa yote alikuwa akiyaleta mwenyewe.

"Huo ni mwangwi tu wa usukani," akasema.

Wakageuza, wakarudi kusimama nyuma ya kigari cha bluu. Dokta akavua koti, akajisukuma chini ya gari, akalala pale dakika tano nzima akichagua rangi ya kulipaka gari atakapoliuza. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Mama, una watoto?"

"Watano."

"Basi bado wanakuhitaji. Chesisi imepinda. Huu ndio uti wa mgongo wa gari, na wa hili haunyooki tena. Siku moja utakuwa kwenye mwendo, gurudumu lishike njia yake na wewe ushike yako."

Mkunga akatoa kitambaa mkobani, akajifuta macho. Dokta naye akajifuta yake. Kazi yake ilimgusa kila mara.

"Sasa nani atalitaka gari bovu?" mkunga akauliza.

"Mimi naweza kukutua huo mzigo. Nitalikatakata niuze vipuri."

"Lakini fedha sitaki. Fedha ikiingia kwangu tu, watoto wote watano wanapata matatizo siku hiyohiyo. Mimi nataka gari la kunifikisha hospitali Jumatatu, nina mazoezi ya goti." Akageuka polepole. "Hako ka bluu, nako kanatetemeka?"

Dokta aliuhisi moyo wake ukisogea kidogo. Lakini gari moja jeupe, likirudishiwa vipande vyake vya risasi, lingeweza kumletea vigari vitatu vya bluu.

"Hakajawahi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa figo.

Mchana uleule walikuwa ofisini kwa wakili. Mkunga alishikilia kwamba ugonjwa uandikwe kwenye mkataba. "Nisije nikasemwa kesho kwamba nimempa kijana wa watu kitu kibovu. Dhambi hiyo siitaki uzeeni." Dokta, aliyependa sana maneno yake yaandikwe, akayatamka mwenyewe: chesisi imepinda, hainyooki, mpokeaji amepima kwa mikono yake, na hatakuwa na madai yoyote baadaye. Wakili akamwangalia mara mbili kabla ya kuandika. Dokta akatia sahihi yenye mikia miwili. Kisha mkunga akavuta kiti cha kigari cha bluu mbele, akaondoka bila kelele.

Dokta alivirudisha vipande vya risasi kwa nyundo ndogo, akaenda barabara kuu kuonja mali yake. Themanini. Usukani umetulia tuli. Akaanza kupiga mluzi. Tisini, na mluzi wenyewe ukaanza kutetemeka.

Ukatetemeka kiti, ikatetemeka sakafu, kioo cha nyuma kikamwonyesha madokta wawili. Akapunguza mwendo, jasho likimtoka. Siku tatu zilizofuata alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, yaani kazi. Alihamisha magurudumu ya nyuma akayaleta mbele, hali ileile. Alikanyaga breki kwenye mwendo. Haikuongezeka wala kupungua, kwa hiyo si breki. Aliweka gia huru, akaiacha injini ipumzike huku gari likiserereka. Likatetemeka vilevile, kwa hiyo si injini. Akabadilisha beringi. Akafungua propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, akaikagua kiungo kwa kiungo. Siku ya nne akalipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia chesisi.

Fundi alipima, akapima tena. "Hili liligongwa likakatika katikati, likaungwa. Chesisi imepinda."

"Inanyooka?"

"Hainyooki. Nani alikuuzia bila kukwambia?"

Dokta alikumbuka kwamba aliambiwa, na sauti iliyomwambia ilikuwa yake.

Alimkuta mkunga uani kwake, anafuta kioo cha kigari cha bluu. Dokta alipokiona, uchungu ulimpanda wa kweli, usio na biashara ndani yake.

"Mama, tubadilishane tena. Kila mtu achukue chake."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilikudanganya."

"Ulinidanganya nini?"

"Kwamba chesisi imepinda."

"Kwani haikupinda?"

Dokta akafungua mdomo. Mdomo ule ulikuwa umemtoa polisi mara mbili na kwenye ndoa mara moja. Akisema haijapinda, basi gari ni zima, anarudi kutafuta nini? Akisema imepinda, basi amepewa alichokiandikia sahihi. Alitafuta uongo wa tatu, hakuupata.

"Imepinda," akasema.

"Basi hukunidanganya. Tena nilishangaa ulivyopatia, ukilala tu pale chini. Mafundi wenzako watatu waliniambia hivyohivyo, lakini wao walitumia mashine."

"Watatu? Lini?"

"Wa kwanza ilikuwa mwaka juzi." Mkunga akakamua kitambaa taratibu. "Wote walikuwa na pikipiki tu. Nikasema ngoja nimsubiri mwenye gari."

Dokta akashika nguzo ya geti. Mkunga akamwonea huruma, maana miaka thelathini na minne alikuwa amewaona wanaume wengi wakiishiwa nguvu mlangoni kwake.

"Usizidi sitini," akamwambia. "Chini ya hapo halina neno. Na tazama chini ya kiti, nimekuachia mto. Unasaidia mgongo."

Dokta akarudi kwenye gari jeupe, akapapasa chini ya kiti. Mto ulikuwepo, umefuliwa. Akaukalia.