Jogoo Aliyesukwa Mkia

Siku Tata Mwamba alipomtembeza tausi wake katika arusi ya binti yake, wageni wote walimsahau bibi arusi, na Gael Mukalay akasahau kula. Jambo hili la pili lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa Gael alikuwa ameingia arusini bila mwaliko kwa ajili hiyo tu. Macho yake yalikuwa yamenasa kwa Tata Tharcisse Muteba, mnunuzi mkubwa wa mawe ya shaba na kobalti hapa Kolwezi, ambaye alimtazama tausi wa mwenzake kama mtu anayeona jino lake mwenyewe likicheka kinywani mwa mwingine.

Gael akasogeza kiti.

"Tata, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya ule ndege. Batu banapiga makofi, banafikiri ni kitu. Masikini! Kule Japon, tausi banaachia batoto bachezee. Batu bakubwa beko na coq ya mukia murefu. Mukia inapita bwana yake kwa urefu." Akatoa simu na kuonyesha picha: jogoo mweusi juu ya kijiti kirefu, mkia ukiteremka kama pazia la kanisa.

Muteba akaitazama picha. Kisha akamtazama Gael, taratibu, kuanzia viatu.

"Na weye ni nani?"

"Mi? Ni mwalimu wa coq."

Ifahamike kwamba Gael hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Gael alisubiri afunguliwe na akaribishwe chai. Na mlango alioutamani ulikuwa mmoja. Muteba alikuwa na nyumba yenye geti la bluu katika mtaa ule ambao watu huchimba ndani ya vyumba vyao na kutoa kobalti chini ya kitanda cha ndoa. Kila mmoja pale alikuwa amechimba: huyu jikoni, yule varandani, mwingine chooni, naye akanunua lori. Nyumba ya Muteba peke yake ilikaa imefungwa, vigae vipya sakafuni, bila mpangaji. Gael alipopita mbele yake alisikia utajiri ukimwita kwa jina. Yeye alilala katika chumba cha kupanga ambamo miguu yake ilibaki mlangoni. Tajiri yule, aliwaza, ameshiba hata hajui amekalia nini.

Asubuhi yake alimleta jogoo saluni kwa Jémima, msusi mwenye mkono mwepesi na ulimi usio mwepesi.

"Gael, mi nilisomea kusuka batu. Diplôme iko ku ukuta, angaria. Fasi gani pale ku ukuta banaandika kuku?"

"Mukia ni nywele ya nyuma, dada."

"Basi umushike. Akinidonoa, nitakusuka weye."

Alichagua mèche nyeusi ya nywele bandia, ile ya kung'aa, iliyo ghali. Akaishona kwa uzi kwenye kila unyoya wa mkia, akaunga juu yake nyingine, akachovya ncha katika maji ya moto zisifumuke, kisha akamweka mteja chini ya kikausha nywele. Jogoo yule alikuwa amefika kwa treni kutoka Mutshatsha ndani ya gunia la makaa, akisafiri na matumaini madogo sana. Sasa alifumba macho. Hakuna aliyewahi kumtendea hivyo.

"Client muzuri," Jémima alisema. "Hasengenyi mutu."

Muteba aliwapokea uani akiwa na kile kimashine chenye umbo la bastola ambacho wanunuzi hukielekeza kwenye gunia la mawe, nacho hutangaza mna shaba kiasi gani. Hapa kwetu kimashine hicho kikishasema, hata askofu hukaa kimya. Gael hakuwa amekitegemea. Muteba akakielekeza kwenye mkia. Jogoo, kwa kuona bastola, akajisaidia juu ya kiatu cha Gael.

"Cuivre, zéro," Muteba akasoma. "Cobalt, zéro."

"Unaona, tata?" Gael alipata pumzi. "Safi! Habakuchanganya kitu!"

"Nimeona," Muteba akajibu, akaingia ndani kumwonyesha mke wake, Mama Odile. Walikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyekwenda sokoni kutafuta chumvi akakuta inagawiwa bure.

"Bei gani?"

"Ah non, tata! Coq kama huyu hauzwi. Ninakuachia. Tunaanza masomo."

Na masomo yalianza, tena masomo ya haki, maana Gael alikuwa ameyasoma yote kwenye simu. Kijiti cha kulalia kiwe juu sana, ili mkia usiguse chini. Sakafu iwe na mchanga mkavu. Jogoo mwingine asikanyage pale, kwa kuwa majogoo wakipigana, mkia ndio unaolipa. Ndakala, wale dagaa wakavu, na karanga kila asubuhi, unyoya upate nguvu. Mkia uoshwe kwa maji ya vuguvugu, ukaushwe kivulini. Azoeshwe kushikwa na kutazamwa, kwani jogoo wa maonyesho mwenye aibu ni hasara tupu.

Muteba alijenga chumba cha jogoo kirefu kama mnara. Jioni alimtoa kutembea barabarani: mbele jogoo, nyuma dereva wa Muteba amebeba mkia kwenye mikono miwili kama msindikizaji wa bibi arusi, na nyuma kabisa gari likitambaa bila mtu wa kuliendesha ila binamu wa dereva. Watu walisimamisha pikipiki. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba. Nyumbani kwa Tata Mwamba, tausi alibaki akijipepea peke yake.

Ndipo Gael akatangaza mashindano.

Yalifanyika katika bustani ya hoteli, kukiwa na tarumbeta, kitambaa cheupe mezani, na jaji mmoja, ambaye alikuwa Gael. Tausi wa Mwamba alikataliwa getini kwa sababu ya msingi kwamba si kuku. Mshindani akabaki mmoja. Muteba alivaa suti ya kijani. Gael alimzunguka jogoo, akapima mkia kwa shubiri, akatikisa kichwa, akaandika, akafuta. Tarumbeta zikanyamaza.

"Nafasi ya pili," jaji akasema, "Tata Tharcisse Muteba!"

Bustani nzima ilitafuta kwa macho.

"Ya pili?" Muteba alisimama. "Nyuma ya nani? Niko peke yangu!"

"Ni kweli, tata. Na umejitahidi."

"Ya kwanza ni nani?"

"Hakuna aliyefikia. Mukia ya coq yako ingali mutoto."

Muteba akakaa. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, hata mpiga tarumbeta mmoja akageuka pembeni.

Siku ya pili yake Gael alifika kumfariji. Alikuwa na habari za bingwa, jogoo wa ukoo wa juu kabisa, aliyefichwa Nzilo kwa wazungu fulani. Bingwa huyo hauzwi pia. Anabadilishwa tu, kitu kwa kitu.

"Kama nini?" Muteba akauliza.

"Sijui, tata. Hata nyumba ndogo. Mfano tu… kama ile ya geti ya bluu."

Muteba akashika shavu. "Ile nyumba naipenda sana," akasema. "Lakini kuwa wa pili kunaniua. Sharti ni moja: tufanye mbele ya chef, mukubwa ya mutaa, na majirani bote. Kila mutu asikie nyumba ni yako, na yote ya nyumba ni yako. Mi sipendi matata."

Gael alitaka kumbusu. Akamchukua jogoo, eti ampeleke Nzilo akapumzike, akampeleka kwa Jémima. Jémima aliongeza mèche, akaunga na kuunga, hata mteja yule yule akatoka saluni na mkia mara mbili ya ule wa kwanza na jina jipya.

Makabidhiano yalifanyika mbele ya geti, kwa kipaza sauti. Mama mmoja mnene, Mama Tatiana, jirani wa kushoto, alipenya hadi mbele.

"Njo weye mwenye nyumba sasa?"

"Njo mi, mama!"

"Na yote ya nyumba?"

"Yote kabisa!"

"Asante Bwana," akasema Mama Tatiana, akaenda zake akiimba.

Gael hakungoja hata kufagia. Mchana huo huo alifunga madirisha, akavua shati, akainua sururu katikati ya sebule. Pigo la kwanza lilivunja kigae. La pili lilivunja simenti nyembamba kama kaki. La tatu halikupiga kitu, kwa sababu sakafu ilikuwa imeondoka, na Gael pamoja nayo.

Aliangukia kwenye udongo laini, ndani ya handaki. Mbele yake vijana wawili wachimbaji walikuwa wamekaa na taa zao vichwani, wakila bukari, ugali wa kwetu.

"Hodi banasemaka," mmoja akamwambia, tonge likiwa mkononi.

"Munafanya nini mu nyumba yangu?"

"Nyumba yako iko yulu, tata. Huku ni barabara. Tunapita kuenda ku parcelle ya jirani."

"Na kobalti? Kobalti yangu iko wapi?"

Vijana walitazamana kwa huruma. "Hapa? Tata Muteba alichimba akatosha yote zamani. Hata mawe ya kurushia mbwa hakuna. Nyumba imebakia ngozi. Kisha akapiga vigae."

Vumbi lilikuwa limeshatoka madirishani. Majirani wakajaa sebuleni, wakizunguka shimo kwa tahadhari, na wa kwanza wao alikuwa Mama Tatiana.

"Jikoni yangu ilizama mu shimo ya hii nyumba na sufuria ikiwa ku moto!" akapiga kelele chini. "Kila siku nauliza mwenye nyumba, banasema hayuko. Leo eko! Panda, mutoto wangu, utanijengea!"

Umati ukafungua njia. Muteba aliingia, jogoo kifuani, dereva nyuma yake amebeba mkia kwenye beseni.

"Tata!" Gael akalia. "Nyumba iko bure ndani!"

"Na coq iko na mèche," Muteba akajibu bila hasira. "Bibi yangu Odile anasukaka hii hii, Pasaka na Noeli. Aliinusa tu. Mwalimu, mi nanunua mawe kwa batu banaofunika udongo na shaba kidogo ku mulango ya gunia. Ungeniuzia mi nywele?"

"Basi ulijua yote? Hata bingwa?"

"Bingwa! Alinitambua ku mulango, akaniimbia."

"Lakini siku ya mashindano ulilia! Nilikuona!"

Uso wa Muteba ulibadilika. Akamkumbatia jogoo zaidi.

"Kulia nililia ya kweli," akasema polepole. "Kuwa wa pili peke yako, mbele ya Mwamba… inauma, mwalimu. Silali. Chauffeur, leta ngazi. Usiteremushe. Mwalimu, sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua. Na useme kwa nguvu, Mwamba anakaa mbali."

Gael akatazama juu: ngazi, majirani, suti ya kijani, na jogoo aliyemwinamia kwa jicho moja. Akajisafisha koo.

"Nafasi ya kwanza," akatangaza kutoka shimoni, "Tata Tharcisse Muteba!"

Sebule nzima ikapiga makofi, na vijana wa handakini pia, tonge mdomoni. Muteba alimwinua jogoo juu ya kichwa, macho yamemlowa tena, akatoka naye nje, dereva akimfuata na beseni. Ngazi ikateremka. Gael alianza kupanda, na kule juu, mahali mikono yake ingeshika, miguu miwili minene ya Mama Tatiana ilikuwa imesimama, ikimngoja.