Fundo la Kiatu cha Kushoto

Nyamazeni kidogo, enyi mlioketi na mliosimama, na wewe uliyekwisha kushika kitasa cha mlango, kiachie. Maana habari hii si ya kusikilizwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Wenye kusimulia vita vya wafalme na wasimulie. Mimi nitanena juu ya siku ile Fundi Viatu, Simba wa Shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi, Mfariji wa Visigino, aliyezitiisha ngozi ngumu kwa muda wa miaka thelathini, alipokutana uso kwa uso na fundo la kamba ya kiatu chake mwenyewe, katika kiti cha nyuma cha gari la kuazima.

Siku tisa alikuwa ametembea kwa miguu, yeye na maswahiba wake wawili wa tangu ujana, Mwalimu mwenye magoti mabovu na Muuguzi mwenye ulimi usio na breki, hata wakafika mahali patakatifu, wakasali, wakalia kidogo, wakalala sana. Kulipokucha, shemeji yake Mwalimu akawaachia gari langoni, nao wakashika njia ndefu ya kurudi nyumbani, ile inayopita kwenye chemchemi ya maji moto. Tangu siku ya nne ya hija hawakuwa na mazungumzo mengine ila kuloweka miguu.

Lakini mguu wa kushoto wa Fundi, ole wake, ulikuwa bado kifungoni. Siku ya saba, katikati ya tope, kiuno chake kiligoma kuinama, na kamba ikafungwa na mkono mwingine. Kisha mvua ikailowesha, jua likaikausha, na fundo likawa gumu kama kokwa. Usiku tatu shujaa alilala na kiatu, akiwaambia wenzake kwamba anaogopa baridi.

Muuguzi, aliyeketi kando yake, akamminya juu ya kifundo cha mguu.

"Kidole kimeacha shimo," akasema. "Umevimba wewe. Lete nikate kamba." Na mkasi ukatoka mkobani, ukimetameta.

Fundi akajiinua kadiri paa la gari lilivyomruhusu, akanena: "Ewe binti wa sindano na bandeji, rudisha chuma chako alani! Ngozi hii niliikata mimi, uzi huu niliutia nta mimi, kamba hii niliisuka mimi. Kheri mguu ukatwe, kamba ibaki!"

"Mguu nao najua unavyokatwa," Muuguzi akajibu. "Nimekaa chumba cha upasuaji miaka kumi na miwili. Chagua."

Wala msidhani ni ukaidi mtupu. Mkabala na kibanda cha Fundi palikuwa pamefunguliwa duka la viatu vya plastiki, na wateja wa zamani walikuwa wakipita upande ule wakijifanya hawamwoni. Ndipo alipoapa mbele ya soko zima kwamba atakwenda hija na viatu vya mkono wake na kuvirudisha mezani vizima, soli, uzi na kamba, pasipo kuguswa na kisu. Wauza nyanya walisikia. Na wauza nyanya hawasahau.

"Basi nakupa mpaka tufike geti la chemchemi," Muuguzi akasema. "Ukishindwa nakata, na sitaki kusikia neno."

Vita vikaanza. Fundi akatanguliza jeshi la kucha; kucha mbili zikaanguka uwanjani. Akaleta meno, lakini tumbo lake, ngome aliyoijenga mwenyewe kwa miaka mingi, likamzuia kufika. Akaupandisha mguu juu ya kiti cha mbele ili apate nafasi.

"Bwana, mguu uko sikioni mwangu," akalalamika Mwalimu, aliyekuwa akiendesha.

"Vumilia! Nani aliyefunga fundo hili? Ni adui gani wa wanadamu?"

Gari likapita tuta. Mwalimu akakohoa.

"Mimi. Ndivyo marehemu baba alivyotufundisha kufunga mbuzi. Hajatoroka hata mmoja."

"Na mlikuwa mkiwafungua vipi?"

"Walikuwa wanachinjwa."

Muuguzi akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi alifumbua kinywa alaani, lakini laana haikuja. Alikumbuka tope la siku ile, na mahujaji waliokuwa wakiwapita wakitazama, na Mwalimu, ambaye hata darasani alikuwa akiokotewa chaki, akipiga magoti yake mabovu bila kuombwa, akifunga kamba na kusema, "Twende, bwana." Siku ile hata asante hakumpa.

Akaushusha mguu. Akalitazama fundo kwa utulivu, kama anavyotazama kiatu cha mteja. Akaona kosa lake: tangu mwanzo alikuwa akivuta, na fundo la namna ile hunenepa kwa kuvutwa.

"Dada," akasema kwa sauti ya kawaida, "niazime pini ya nywele."

Muuguzi akaichomoa kichwani. "Ikipotea utanijua."

Fundi akaisokota ncha moja ya kamba mpaka ikakakamaa kama waya, akaisukuma ndani ya fundo, sukuma, usivute, huku pini ikichokonoa upande wa pili. Geti la chemchemi likaonekana. Gari likapunguza mwendo. Muuguzi akafungua mkasi. Na hapo, bila kishindo, fundo likalegea.

Kiatu kikachomoka mguuni, na nyuma yake ikatoka harufu ya siku tatu. Milango yote ikafunguka kwa pamoja. Mlinzi wa geti alifunika pua kwa kofia, akawapungia mkono wapite, hata tiketi hakuuliza.

"Mwalimu," Fundi akasema, akichechemea kuelekea majini huku amemshika bega, "asante kwa lile fundo."

"Hebu loweka mguu kwanza," Mwalimu akajibu akigeuza uso, "tutaongea baadaye."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, saa tisa alasiri. Wapo wanaosema kwamba waogaji walimpisha shujaa kwa heshima, na wapo wanaosema kwamba walikimbia, wanahistoria hawajaafikiana. Lakini kwa hili wote wana kauli moja, nanyi wafikishieni wasiokuwapo: kamba ilikuwa nzima.